Golden Lamb, Lebanon (Ohio): kabla hujaagiza chakula, panda juu kwanza

Nyie wa Dayton na Cincinnati mnaoniuliza kila mara mgeni apelekwe wapi akishachoka na maduka: mpelekeni Lebanon, mji mdogo ulio kati ya miji hiyo miwili, mkale Golden Lamb, hoteli yenye mgahawa. Nawapa nyota tano, na nne kati ya hizo ni za jengo lenyewe.

Hii ndiyo hoteli kongwe kuliko zote Ohio. Desemba 1803, mwaka uleule Ohio ilipokuwa jimbo, Jonas Seaman alilipa dola 4 za leseni akafungua nyumba ya wageni ya magogo. Jengo la matofali lilikuja mwaka 1815, likiwa fupi kuliko lilivyo sasa; ghorofa za juu ziliongezwa baadaye. Kibao kilikuwa na picha ya mwanakondoo kwa kuwa wasafiri wengi hawakujua kusoma. Ukiona kondoo, umefika.

Mtatajiwa marais 12 wa Marekani waliopita hapa. Haya. Mimi namkumbuka zaidi Charles Dickens, mwandishi wa riwaya Mwingereza, aliyepita 1842 kwa gari la farasi akielekea Columbus, akanuna kwa sababu wakati huo hapakuuzwa kileo. Aliambulia chai na kahawa. Siku hizi baa ipo humohumo.

Sasa, mimi kazi yangu ni ukalimani wa Kiswahili mahakamani, kwa hiyo kilichonipeleka hasa ni chumba kinachoitwa Vallandigham. Clement Vallandigham alikuwa wakili na mwanasiasa mbishi, aliyepinga vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Kaskazini dhidi ya Kusini, mpaka Rais Lincoln wa Kaskazini akaamuru apelekwe kwa maadui wa Kusini. Juni 1871 alikuwa akimtetea Thomas McGehan, aliyeshtakiwa kwa kumpiga risasi Tom Myers katika ugomvi wa baa huko Hamilton. Kesi ikahamishiwa Lebanon. Utetezi wake ulikuwa kwamba Myers alijipiga mwenyewe: alikuwa anainuka kutoka magotini huku akichomoa bastola mfukoni, ikafyatuka. Usiku, hotelini, Vallandigham akataka kuwaonyesha wenzake ilivyokuwa. Mezani palikuwa na bastola mbili, moja tupu, nyingine ina risasi. Kwa makosa akatia mfukoni ile yenye risasi, akaichomoa, ikafyatuka. Alifariki kesho yake asubuhi. McGehan hatimaye aliachiwa huru.

Nimewasikia mawakili wengi wakiapa kwamba hoja yao haina shaka, lakini huyu, mmh. Leo watu wanakula chakula cha jioni chumbani humo, na sioni ubaya.

Msiondoke bila kupanda hadi juu kabisa mkaone samani za Shaker, madhehebu ya watu wasiooa wala kuolewa waliokuwa na kijiji chao, Union Village, jirani na Lebanon. Viti vyao ni vyepesi ajabu. Walivitundika ukutani kwenye vigingi wakati wa kufagia. Fundi wa kwetu angekipindua kimoja atazame maungio, ningemwelewa.

Kwenye chakula sitawachosha. Agizeni pai ya sukari ya Shaker iliyopewa jina la Sister Lizzie: krimu na sukari ya kahawia, basi. Kipande kimoja kinatosha wawili, na kahawa iwe haina sukari.