Programu ya kusimamia mikataba: riviu ya mwanasheria wa kampuni baada ya miezi minane

Niseme mapema, jina la programu silitaji. Mkataba wetu na wao una kipengele cha usiri na kile kipengele nilikiandika mwenyewe, nikakikaza mpaka meneja wao akaniuliza "dada kwani tunauziana mabomu?", kwa hiyo siwezi kuja kukivunja mwenyewe hapa. Kama uko idara ya sheria ya kampuni yoyote Dar utaitambua tu kwa maelezo, na kama huitambui bado itakusaidia, maana nimekaa kwenye demo nne za hizi programu na zote zinafanana kama watoto wa mama mmoja.

Mjue kwanza naongea nikiwa nimekaa wapi. Kampuni ya usambazaji, ofisi Barabara ya Nyerere, wafanyakazi kama mia tatu hivi, idara ya sheria ni mimi, afisa sheria mmoja kijana, na mwanafunzi wa Law School wa mazoezi akipatikana. Mimi huyo huyo ndo katibu wa kampuni, nakaa kamati ya manunuzi, na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ilivyoanza kutumika Mei 2023 nikaambiwa kikaoni "si ni mambo ya sheria hayo? basi ni ya kwako". Hapo sijamuhesabu dereva anayegonga mlango saa saba mchana na karatasi ya mauziano ya kiwanja cha Chanika, na dada wa mapokezi ambaye baba yake amefariki na baba wadogo wameshaanza kupima shamba. Mawakili wenzetu wenye ofisi zao wanasema sisi tunakula mshahara kwenye kiyoyozi. Haya.

Kilichotufanya tununue ni ghala. Tulikuwa na ghala la kupanga Kurasini, mkataba wake unajirudia mwaka mwingine kama hujatoa notisi siku 90 kabla, na tarehe nilikuwa nimeiandika kwenye Excel yangu vizuri kabisa tena kwa rangi nyekundu, ila Excel haina mdomo. Tulishahamia kwingine, vijana wa stoo wanasherehekea ghala jipya, afu mwenye ghala akatuma ankara ya mwaka mzima na barua ya adabu sana. Tukalipa. Mwaka mzima tumewalipia popo kodi.

Baada ya hapo hela ya programu ilipatikana ndani ya wiki mbili. Bajeti hiyo hiyo miaka mitatu imegoma kunilipia ada ya TLS, chama chetu cha mawakili, kwa sababu "hiyo ni ya kwako binafsi", wakati kadi ya biashara waliyonichapishia wao imeandikwa Wakili kwa herufi kubwa. Nimeshalia, nimemaliza, tuendelee.

Kabla ya kusaini niliuliza kwenye grupu letu la WhatsApp la wanasheria wa makampuni, wasomi, kuna aliyetumia hii kitu? Wakajibu sita, wawili kati yao walikuwa wanatafuta kazi. Ila mmoja, dada wa taasisi ya fedha, alinipa swali moja ambalo naligawa bure kwenu: waulizeni siku mnaondoka mikataba yenu mnatoka nayo vipi. Sio wakati wa kuingia, wakati wa kutoka. Muuzaji aliyekuwa anaongea kama mtangazaji wa mpira akanyamaza ghafla. Ikaonekana unaweza kutoa PDF lakini tarehe, vikumbusho, historia ya nani alibadilisha nini, vyote vinabaki kwao. Tulibishana wiki tatu, ndo tukapata kipengele kinachosema tukiondoka wanatupa kila kitu kwenye faili linalofunguka, ndani ya siku 30, bila malipo. Usiposema hupewi.

Bei: wakala wao wa hapa hapa mjini alileta ankara ya dola. Nikamkumbusha kwamba tangu tarehe 28 Machi 2025 kanuni zinakataza huduma ya ndani ya nchi kutajwa bei kwa fedha za kigeni, na asubuhi yake ikaja ya shilingi, imenenepa kidogo, sijui ilikula nini usiku. Milioni kumi na nne na ushee kwa mwaka, watumiaji 15. Mtumiaji wa 16 unalipia pembeni, na kila idara ina mtu anayejiona ni wa lazima kuwemo.

Kufunga mfumo waliahidi wiki mbili, ikachukua miezi miwili na kosa sio lao peke yao, mikataba yetu ilikuwa kwenye maboksi na mingine kwenye imeli za watu walioacha kazi. Kijana wangu alikaa na ile mashine ya kuskani mpaka akawa anajua kurasa zenye pini kwa kupapasa.

Sasa AI yao. Mkataba wa Kiingereza inausoma vizuri, sipingi, inatoa tarehe, notisi, adhabu ya kuchelewa, sheria ya nchi gani, dakika moja. Ukiupa wa Kiswahili ndo utacheka ulie. Mikataba ya madereva na ya wasambazaji wadogo wa mikoani tunaiandika kwa Kiswahili, kwa sababu mtu asaini kitu anachokielewa. Kipengele cha 9 kimeandikwa KUSITISHA MKATABA kwa wino mzito, mfumo unawasha taa nyekundu: hakuna kipengele cha kuvunja mkataba. Na neno Mwajiri ikalisoma kama jina la mtu, ikamfungulia faili lake, kwa hiyo mpaka leo kwenye mfumo wetu kuna mteja anaitwa Mwajiri mwenye mikataba 63 na sisi na hajawahi kutuletea hata chai. Niliwaambia jamani nchi hii mwaka 2021 sheria imebadilishwa, Kiswahili ndo lugha ya sheria na mahakama, nyie mnauza bidhaa ya sheria Dar haijui neno mwajiri. Wakasema iko kwenye mpango. Kila kitu kiko kwenye mpango.

Ushuru wa stempu nao haukuwepo kabisa. Programu imetengenezwa ughaibuni huko, haijui kwamba hapa kwetu hati ikishasainiwa una siku 30 za kulipia stempu, na kwamba usipolipia siku mmefikishana mahakamani wakili wa upande wa pili anasimama na kifungu cha 47 na mkataba wako haupokelewi kama ushahidi. Hili kidogo nikatae. Wakatuongezea sehemu ya kujaza, tunaandika tarehe ya kusaini, kikumbusho kinakuja siku ya 20. Inafanya kazi safi kweli, nawapa hiyo, lakini kumbukeni ni mimi niliyewaambia. Wateja wao wa kabla yangu walikuwa wanaishije?

Saini ya kielektroniki ipo na sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2015 inaitambua. Nenda kamwambie hivyo msambazaji wa Sumbawanga. Alinipigia: "Mama, nimeuona huo mkataba kwenye simu, sasa muhuri wenu uko wapi?" Nikaeleza kwa upole, sheria, namba, kila kitu, akasikiliza mpaka mwisho, akasema "Sawa mama nimekuelewa, ila nitumieni wenye muhuri". Kwa hiyo tunauchapa, tunasaini, tunagonga, tunaweka kwenye basi, unarudi, tunaskani, tunaupakia. Kazi moja imekuwa saba.

Kitu cha kuangalia sana ni sehemu ya komenti. Ilivyokuja kutoka kiwandani, kila mwenye ruhusa ya kuona mkataba anaona na komenti zote, na watu wa mauzo ni wepesi sana wa kugawa linki. Wiki ya pili nikakuta meneja ameniandikia palepale "hivi tukiwakatia hawa mkataba bila notisi wanaweza kutushtaki?" na kijana wangu naye kajibu palepale, maoni kamili ya kisheria, aya nne. Nilikimbia. Msomi yeyote aliyesoma kesi ya Akzo Nobel anajua ninachoogopa, ile ya 2010 ambapo mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya ilisema kwenye uchunguzi wa ushindani wa kibiashara unaofanywa na Tume ya Ulaya, mawasiliano ya kampuni na mwanasheria wake wa ndani hayapati ule ulinzi wa siri unaopata na wakili wa nje, na kilichobishaniwa ni pamoja na imeli za kawaida tu kati ya meneja na mwanasheria. Ulaya sio hapa, najua, lakini nimejifunza kutoandika ushauri mahali ambapo sijui nani ana ufunguo. Sasa komenti ni za "badilisha tarehe" na "jina limekosewa" tu, ushauri unakuja mezani kwangu kwa miguu. Mpangilio wa kuzifunga upo, ila umefichwa ndani ya menyu ya tatu, na hakuna mtu kwenye mafunzo aliyeutaja.

Haya, nije kwenye kilichonifanya nisiitupe.

Kama uko idara ya sheria unaijua hii sentensi: "mkataba uko kwa mwanasheria". Ndo jibu la kila kitu. Mteja akipiga, uko kwa mwanasheria. Mkurugenzi akiuliza, uko kwa mwanasheria. Mkataba unaweza kuwa umelala kwenye imeli ya mtu wiki nne, hajafungua, hajui hata ni wa nini, lakini rasmi uko kwa mwanasheria, na sisi tumeshaitwa idara ya breki mpaka tumezoea.

Hii programu ina kitu kama saa. Kila mkataba unaonyesha uko kwa nani, tangu lini, umefunguliwa au bado. Basi kikao cha Jumatatu, meneja mauzo kaegemea kiti, anaulizwa kuhusu mkataba wa Mbeya, anasema bila hata kupepesa, "Ule bosi uko kwa mwanasheria, wiki ya tatu hii". Mkurugenzi akanitazama kwa juu ya miwani. Sikusema kitu. Nikachomeka waya wa projekta kwenye laptopu yangu, ukutani ikatokea mistari miwili: umerudishwa Mauzo, tarehe 4, saa 4:12 asubuhi. Haujafunguliwa. Siku 17. Kwa sekunde kama kumi nilisikia feni tu. Afu mtu akasema "mtandao ulikuwa unasumbua ile wiki", na mkurugenzi akasema tuendelee na ajenda. Nilitoka pale nikanunua soda ya watu wote wa idara, yaani soda mbili.

Sasa kwa haki niseme na upande wa pili. Mwezi uliofuata mkurugenzi alikuwa ameshajifunza kuifungua mwenyewe ile saa, na akanikuta na mkataba mdogo wa usiri, kurasa tatu, uko kwangu siku tisa. Siku tisa! Nilikuwa na mkutano mkuu wa wanahisa na marejesho ya BRELA, wale wasajili wa makampuni, lakini hiyo saa haijui mkutano mkuu, inajua siku tisa tu. Na fainansi wameshaanza kuomba ripoti ya "wastani wa siku za idara ya sheria", kitu ambacho hakikuwepo kabla sijawaletea mashine ya kukipima. Kwa hiyo anayetaka kununua ajue inapima pande zote, na mkataba wa kukodi bajaji na mkataba wa mkopo wa benki zote inazihesabu ni mkataba mmoja mmoja.

Huduma kwa wateja wako vizuri, wanajibu WhatsApp mpaka Jumamosi. Ila wakifanya maboresho mfumo unazimika saa tano asubuhi yetu, kwa sababu huko waliko wakubwa wao ndo usiku.

Nawapa tatu na nusu kwa tano. Nusu ni ya ile Jumatatu.

Juzi nikawa naandaa orodha ya mikataba inayoisha robo hii, nikashangaa wao wenyewe hawamo. Mwanafunzi wangu wa mazoezi ndo aliyeukuta kwenye imeli yangu ya mwaka jana: mkataba wa programu haujawahi kupakiwa kwenye programu, unajirudia wenyewe kama hatujatoa notisi siku 60 kabla, na mpaka uishe zimebaki 71. Nimeupakia siku hiyo hiyo, nikauelekeza panapohusika waamue tunaendelea au hatuendelei. Uko fainansi, siku ya sita, haujafunguliwa.