Mapitio ya huduma: kuandikishwa kuwa mwenye ulemavu Tabora wakati miguu yote miwili ipo

Kati ya Februari na Septemba mwaka jana nilikwenda mara nane katika ofisi moja ya ustawi wa jamii mkoani Tabora kuomba niandikishwe katika rejesta ya watu wenye ulemavu, na mara saba za kwanza nilirudi nyumbani bila chochote isipokuwa agizo la kuleta karatasi nyingine. Mara ya nane niliandikishwa kwa muda usiozidi nusu saa. Hali ya miguu yangu haikuwa imebadilika, na afisa alikuwa yule yule; kilichobadilika ni barua ya ukurasa mmoja niliyokwenda nayo. Ninaandika mapitio haya ili mwenzangu mwenye sukari, ambaye miguu yake imekufa ganzi, aanze na barua hiyo siku ya kwanza. Ofisi yenyewe sitaitaja, kwa kuwa maafisa niliowakuta hawakuwa na nia mbaya, na ninaamini kwamba yaliyonipata yanaweza kumpata mtu katika wilaya yoyote.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona kwenye baraza karibu na soko kwa miaka 27, zaidi sare za shule, na niligundulika kuwa na kisukari miaka 13 iliyopita. Ganzi ilianzia vidoleni mwa miguu, ikapanda polepole hadi juu ya vifundo kama mtu anayevaa soksi, na mwaka juzi ikaanza kugusa ncha za vidole vya mikono. Niliifikiria kuwa uchovu wa kukanyaga cherehani mpaka siku niliyopanda bodaboda kutoka Ipuli hadi mjini nikiwa nimeegemeza mguu kwenye ekzosti njia nzima. Aliyenijulisha kwamba nimeungua ni mke wangu, jioni, aliposikia harufu na kuona malengelenge nilipovua soksi. Kliniki walinieleza kwamba sukari inapokaa juu kwa miaka mingi huharibu neva pamoja na mishipa midogo ya damu inayozilisha, na kwamba neva ndefu kuliko zote, zile zinazofika vidoleni mwa miguu, ndizo hutangulia kuumia.

Jambo gumu zaidi kulieleza mbele ya meza ya afisa ni kwamba ganzi na maumivu hukaa pamoja katika mguu mmoja. Mchana siwezi kujua kama nimekanyaga msumari, lakini usiku nyayo zinawaka moto na kuchomwa kama kwa sindano, kiasi kwamba hata shuka kuzigusa ni mateso. Mtu anayesema kwamba miguu yake haihisi, na papo hapo kwamba inamuuma, huonekana mwongo kwa asiyeujua ugonjwa huu. Nimeyaona macho ya aina hiyo mara nyingi, na sikuwa na namna ya kuyajibu, kwa sababu neva iliyokufa haina kovu la kumwonyesha mtu.

Siku ya kwanza afisa alinipokea kwa heshima, akaniambia niketi, kisha akasema, “Mzee wangu, mbona umeingia mwenyewe kwa miguu yako?” Katika fomu yake palikuwa na nafasi ya kuandika aina ya ulemavu. Nilipojibu kwamba ni wa viungo, aliniuliza ni kiungo gani kilichokatwa au kulemaa. Nilipotaja kisukari, alisema kwamba huo ni ugonjwa na si ulemavu, akanishauri niendelee na dawa. Nilirudi na kadi ya kliniki, ikakataliwa kwa sababu ilionyesha vipimo vya sukari tu. Nilipeleka barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa mtaa, kisha ya mtendaji wa kata, kisha picha, kisha nakala ya kitambulisho cha taifa. Daktari mmoja aliniandikia mistari miwili kwamba mimi ni mgonjwa wa kisukari ninayehudhuria kliniki, akagonga mhuri, na barua hiyo nayo ikarudishwa. Nilikasirika siku ile, ingawa sasa nakiri kwamba barua ile haikumwambia afisa lolote analoweza kulitumia.

Sheria yenyewe ni pana kuliko fomu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, haimtaki mtu awe amepoteza mguu. Inamtambua mtu mwenye upungufu wa kimwili, wa kiakili, wa afya ya akili au wa milango ya fahamu, ambaye uwezo wake wa kutenda umebanwa na vikwazo vya mitazamo ya watu, vya mazingira na vya taasisi. Kuhisi mguso ni mlango wa fahamu kama kuona na kusikia, na mtu asiyehisi ardhi anayoikanyaga amepoteza kitu ambacho sheria inakitambua. Kinachopimwa, kwa maneno mengine, ni shughuli ambazo mtu anashindwa kuzifanya. Jina la ugonjwa halimwingizi mtu katika rejesta wala halimtoi.

Aliyeniokoa ni muuguzi wa kliniki ya kisukari, dada mmoja mpole ambaye nilimsimulia safari zangu nikiwa sina matumaini tena. Alitoa kwenye droo uzi mgumu wa nailoni uliofungwa kwenye kishikio, ambao hupinda unapokandamizwa kwa nguvu ya gramu 10, akaniambia nifumbe macho na kusema “ndiyo” kila ninapohisi mguso. Nilikaa kimya nikisubiri aanze. Alipokuwa amekwisha kumaliza mguu wa kulia na kuniambia kwamba aliugusa sehemu kumi na mimi nikasema “ndiyo” mara mbili tu, nilishindwa kuzuia machozi, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza mtu mwingine aliona kwa macho yake jambo nililokuwa nikiliishi peke yangu. Halafu alichukua uma wa chuma unaotetema mara 128 kwa sekunde, akauweka juu ya kidole gumba cha mguu. Nilihisi ubaridi kidogo wa chuma, sikuhisi mtetemo wowote. Mtaalamu wa mazoezi tiba alinisimamisha miguu ikiwa pamoja na macho yakiwa yamefumbwa, na kabla ya kuhesabu hadi kumi nilianza kuyumba, akanidaka.

Barua waliyoiandika baada ya hapo ndiyo ninayoisifu. Ilianza na matokeo ya uzi na uma kwa kila mguu, ikasema kwamba hali hii imedumu kwa zaidi ya mwaka na haitarajiwi kurudi nyuma, kisha ikaeleza kazi kwa kazi: kwamba siwezi kujua nguvu ninayoiweka kwenye pedali ya cherehani, kwamba siwezi kusimama gizani bila kushika ukuta, kwamba siwezi kutembea umbali wa kutoka nyumbani hadi sokoni bila hatari ya kupata kidonda nisichokijua, na kwamba vifungo vya shati vinanichukua muda mrefu. Ilimalizia na mahitaji: fimbo, viatu vya kulinda nyayo, na kazi ya kukaa isiyotegemea miguu. Afisa aliisoma mara mbili, akaniangalia, akasema, “Mzee, ungekuja na hii tangu mwanzo.” Nilimwomba kwa unyenyekevu awaambie na wengine wanaokuja, maana hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba barua ya namna hiyo ipo.

Niongeze hapa jambo moja la kitabibu ambalo muuguzi alilisisitiza. Anayetumia metformini, vidonge vya kushusha sukari, kwa miaka mingi anaweza kupungukiwa vitamini B12, na upungufu huo nao huleta ganzi inayofanana sana na hii. Kwa hiyo inafaa kumwuliza daktari kuhusu kipimo cha vitamini hiyo kabla ya kukubali kwamba kila kitu kimesababishwa na sukari. Kwa maumivu ya usiku nilipewa amitriptilini kwa kiwango kidogo, na sasa ninalala, ingawa haikurudisha hisia, na dawa hiyo haina uwezo huo.

Kuhusu faida za kuandikishwa, nataka nizungumze bila kukuza. Tanzania Bara haina posho ya kila mwezi inayolipwa kwa kila mwenye ulemavu. TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, inalenga kaya maskini. Aliyeajiriwa ana njia nyingine: sheria ya kazi inampa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na zilizobaki kwa nusu, na mifuko ya hifadhi ya jamii ya NSSF na PSSSF ina mafao ya ulemavu kwa mwanachama ambaye amethibitishwa na jopo la madaktari. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao jirani yangu alinishauri niuendee, unashughulikia madhara yanayotokana na kazi, na kisukari hakiingii. Sisi wa barazani hatuna hata kimoja kati ya hivyo, isipokuwa aliyejichangia mwenyewe.

Kilichonisaidia ni mkopo wa halmashauri usio na riba. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu; utoaji ulisitishwa mwezi Aprili 2023 na ukarejeshwa mwaka 2024. Maombi hayapitii ofisi ya ustawi bali ya maendeleo ya jamii, tofauti ambayo ilinigharimu wiki tatu kuijua. Tulijiunga watu wanne, mmoja mwenye ualbino, mmoja aliyeugua polio utotoni, mmoja asiyeona ambaye anafuma, na mimi. Fedha zilichelewa, lakini zilifika, na kwa sehemu yangu nilinunua mota ya cherehani. Fundi umeme aliifunga pedali ubavuni mwa meza ili niibonyeze kwa goti, ambalo bado linahisi. Shule zilipofunguliwa Januari nilishona sare nyingi kuliko nilizoshona miaka miwili iliyotangulia, na marejesho yangu hayajachelewa hata mwezi mmoja.

Fimbo niliipata. Viatu sikuvipata, na hili ndilo pengo kubwa zaidi la huduma hii, kwa sababu kwa mtu wa hali yangu kiatu ndicho kinachozuia donda ndugu na kisu cha kukatwa mguu. Niliambiwa niende mkoa mwingine, kwa nauli yangu. Badala yake fundi viatu wa mtaani kwetu alinitengenezea makubazi yenye kisigino kilichofungwa, soli ngumu ya tairi chini na sifongo laini juu, mikanda mipana ya kufunga juu ya mguu, na bila ule ukanda wa kupita katikati ya vidole ambao unachubua. Si viatu vya kitaalamu, lakini tangu nivivae sijapata kidonda. Kila asubuhi mjukuu wangu hupitisha mkono ndani kutafuta kokoto, kwa kuwa vidole vyangu sivitegemei tena, na kila jioni mke wangu hukagua nyayo. Chandarua nakichomeka vizuri chini ya godoro, si kwa ajili ya mbu peke yake: madaktari wa Dar es Salaam waliwahi kueleza wagonjwa wa kisukari waliong’atwa na panya miguuni wakiwa usingizini bila kuhisi.

Kwa haki, huduma yenyewe haikunigharimu ada, na hakuna aliyenidai chochote chini ya meza. Lugha ilikuwa nzuri wakati wote. Hata hivyo ofisi iko juu ya ngazi zisizo na kishikio, foleni ilichukua hata muda wa saa nne, na siku moja sukari yangu ilishuka nikiwa kwenye benchi nikitetemeka na kutoka jasho, mpaka mama mmoja akanipa soda yake. Anayetumia insulini asiende bila kitu kitamu mfukoni. Nikipima kwa alama kumi, naipa kliniki tisa, na ofisi nne. Ofisi ingepata saba kama ingebandika ukutani orodha ya mambo ambayo barua ya daktari inatakiwa kuyaeleza.

Mwenye kuhudhuria kliniki isiyo na ule uzi anaweza kuanza na jaribio jingine ambalo halihitaji kifaa. Lala chali, vua soksi, fumba macho, na mtu mwingine aguse kwa ncha ya kidole chake, taratibu na bila kukandamiza, kwa sekunde moja au mbili, kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano cha kila mguu. Ukishindwa kuhisi viwili au zaidi kati ya hivyo sita, mwambie daktari hivyo hivyo, kwa idadi na kwa majina ya vidole, na mwombe aiandike.