Jiko letu jipya la mninga na graniti: uzoefu wangu na karakana ya Keko

Kama una watoto wadogo, unakwenda kazini, na kwako kunapikwa kila siku, karakana ya useremala niliyoitumia mimi pale Keko, Dar es Salaam, ningeitumia tena. Nasema hivyo pamoja na kwamba walichelewa sana na kuna kazi ilibidi wairudie. Nimeanza na jibu kwa sababu maelezo ni marefu na najua wengine mnataka kujua hilo tu. Kilichonishawishi ni kwamba fundi wao mkuu alitaka kuona tunavyopika kabla hajachora chochote.

Tunaishi Dar es Salaam, nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu. Tupo mimi, mume wangu, binti yetu wa darasa la kwanza, mdogo wake wa miaka miwili anayegusa kila kitu, na dada anayetusaidia kazi. Makabati ya zamani yalikuwa ya chipbodi. Chini ya sinki ubao ulikuwa umevimba na kumong'onyoka, skrubu za bawaba hazishiki tena, milango mingine imeegeshwa tu, na mende wamejipatia makazi. Mtungi wa gesi ulikaa chini ya kaunta, hapo hapo mtoto anapopita kutwa nzima.

Kabla ya Keko tulikwenda kwenye duka linalouza makabati ya kuagiza kutoka nje. Picha walizotutumia zilikuwa nzuri mno, ila kila kitu kilikuwa MDF iliyobandikwa karatasi ya plastiki juu. Nilipouliza maji yakipenya kwenye ukingo inakuwaje, nikajibiwa nisiache maji yatuame. Nyumba yangu ina mtoto anayejijazia maji ya kunywa mwenyewe, inapigwa deki kila asubuhi, na unyevu wa jiji hili tunaujua. MDF ni nyuzi laini za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Ikishanyonya maji inavimba, na hata ikikauka hairudi ilivyokuwa. Tukaachana nao.

Fundi wa Keko alikuja jioni, saa ya kupika, na ni yeye aliyeomba saa hiyo. Akasimama kando ya mlango akaangalia nani anapita wapi, sufuria ya moto inatoka wapi kwenda wapi, mtoto anakimbilia upande gani. Kisha akaniuliza, "Mama, nazi mnakunia wapi?" Swali hilo lilinifurahisha kweli. Wengi wanaochora majiko siku hizi wanachora kana kwamba hakuna mtu anayekaa juu ya mbuzi. Sisi tunakuna nazi, na mbuzi inataka sakafu: mtu ameketi, miguu ameitanua, sinia mbele, na asipite mtu na maji ya moto juu ya kichwa chake. Akachora kaunta ya kona moja, akaacha upande wa dirishani wazi, na chini ya kaunta hapo hapo akaweka uwazi usio na mlango wa kuwekea mbuzi, kinu na mchi. Vitu ambavyo zamani vilikuwa vinasukumwasukumwa kwa mguu sasa vina mahali pao.

Halafu akanipima mimi. Kaunta nyingi zinajengwa sentimita 90 kutoka sakafuni, lakini aliniambia nikunje mkono, akapima kutoka chini mpaka kwenye kiwiko, akapunguza kiasi cha sentimita 12. Yangu ikatoka 88. Akampima na dada pia, kwa kuwa ndiye anayesimama hapo muda mrefu kuliko mimi, na kwa bahati tunalingana. Sehemu ya kukandia unga na kusukumia chapati akaishusha mpaka 78, kwa sababu kukanda ni kazi ya kusukuma kwa uzito wa mwili, na kaunta ikiwa juu mabega yanalipa. Sikuwa nimewaza kwamba sehemu hiyo ingekuwa ya binti yangu pia, lakini ndipo anaposimama sasa kuchambua mchele na kuandikia kazi za shule wakati sisi tunapika.

Umbo la chini la kaunta si mbao. Ni zege yenye nondo, imekaa juu ya kuta fupi za tofali, kama wazee wetu wa ujenzi walivyozoea kufanya. Ndani mote pamewekwa marumaru, na sakafu ya makabati imeinuliwa sentimita 10 ili maji ya deki yasiifikie mbao hata siku moja. Mbao imekuja mbele tu: fremu, milango na droo. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi bora wa kazi yote. Bomba la sinki likivuja usiku, asubuhi unafuta marumaru na maisha yanaendelea.

Fremu na milango ni mninga. Nilikuwa naogopa mbao mbichi, maana mlango wa mbao mbichi unapinda baada ya miezi michache na haufungi tena. Fundi akanipeleka nyuma ya karakana, chini ya bati, akanionyesha rundo lao. Kila ubao umetenganishwa na mwenzake kwa vijiti vyembamba vilivyopangwa mstari mmoja kutoka chini mpaka juu, ili hewa ipite pande zote. Akachomoa kipande kimoja akanipa nishike, kisha akanipa kingine kilichoingia karibuni. Tofauti ya uzito ilikuwa wazi mkononi. Cha zamani kilikuwa chepesi, na ncha zake hazikuwa na nyufa. Mninga una sifa ya kutocheza sana ukishakauka, na mchwa hawaupendi. Vibali vya TFS, wakala wa misitu wa serikali, vya mzigo huo alivitoa bila hata kunung'unika, na naomba kila mteja aviulize, kwa sababu mti huu wa miombo unachukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Ndiyo maana nilikubali rafu za ndani ziwe marine board, yaani plywood inayostahimili maji, ya milimita 18. Mninga kwenye rafu usiyoiona ni kuutupa.

Rangi ya mninga ndiyo iliyofanya jiko liwe mahali pa kukaa. Nilitaka jiko ambalo mgeni akiingia anavuta stuli, hataki kurudi sebuleni. Ukuta tumepaka rangi ya maziwa, si nyeupe ya hospitali, na taa tumebadilisha zote. Angalieni kwenye boksi la taa za LED kuna namba yenye herufi K. Zile za 6500 ndizo zinazouzwa kila kona, mwanga wake ni wa samawati na chakula kinaonekana kama kimepoa. Tumeweka za 3000, na kipande kirefu cha LED chini ya makabati ya juu kinachomulika pale kisu kinapokatia. Gharama yake ni ndogo kuliko kitu kingine chochote humu, na ndicho wageni wanachokitaja kwanza.

Juu ya kaunta ni graniti ya madoadoa ya kahawia, milimita 20. Mume wangu alitamani mabo nyeupe. Fundi wa mawe akachukua kipande cha mabo kilichobaki, akakamulia ndimu, akatuacha tuzungumze. Aliporudi na kufuta, palikuwa na baka lisilong'aa ambalo hata kulisugua halitoki. Mabo ni mawe ya chokaa, asidi inayala. Kwenye nyumba inayotumia ndimu, ukwaju na siki kila siku, mabo ingekwisha mwaka wa kwanza. Graniti haisumbuliwi na ndimu, ingawa inataka kupakwa dawa ya kuziba vinyweleo ili mafuta na manjano visizame. Pembe zote zimezungushwa, kwani ukingo wa kaunta ya chini uko sawasawa na paji la uso la mtoto wangu mdogo.

Gesi imetoka nje. Mtungi uko kwenye kijumba cha nondo na wavu nyuma ya nyumba, na bomba linapita ukutani mpaka kwenye jiko, lenye koki ya kufungia iliyowekwa juu ambako mtoto hafiki. Gesi tunayopikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa chini na kujikusanya, kwa hiyo kabati lililofungwa ni mahali pabaya kabisa pa mtungi. Kama bajeti yako inatosha kitu kimoja tu mwaka huu, anza na hiki, makabati yatasubiri.

Droo za chini ni pana na zenye kina, kwa sufuria. Moja ni ya watoto: sahani na vikombe vyao vya plastiki, wanaandaa mkeka wenyewe. Jiki, dawa za mende na viberiti viko kabati la juu kabisa lenye komeo.

Sasa malalamiko. Walichelewa, na kwa muda mrefu. Katikati ya kazi yetu walichukua kazi ya hoteli, mafundi wakapungua, tukawa tunapikia barazani kwa mkaa huku jiko likiwa vumbi tupu. Simu zilikuwa zinapokelewa, hilo nawashukuru, ila "kesho" yao haikuwa kesho. Kwa sababu ya kuchelewa huko, vanishi ikapigwa masika, hewa imejaa maji, na milango kadhaa ikatoka na ukungu mweupe. Nilikasirika. Waliikubali bila ubishi, wakaipiga msasa yote na kurudia mvua zilipokatika, bila kunidai. Na reli za droo walizofunga mwanzo zilikuwa nyepesi; droo ya sufuria ikalegea ndani ya wiki chache. Wamebadilisha kwa reli za golori za kubeba kilo 45, na sasa mtoto akiining'inia haitikisiki (tunamkataza, lakini ananing'inia).

Naamini walirudi haraka kwa sababu malipo tulipanga kwa awamu na sehemu ya mwisho tukaibakiza mpaka jiko litumike kwanza. Tuliandika kwenye karatasi: aina ya mbao, unene wa rafu, aina ya bawaba na reli, nani ananunua nini. Bawaba tulinunua wenyewe Gerezani, zile zinazofunga mlango taratibu, na kwa nyumba yenye vidole vidogo sioni sababu ya kununua nyingine.

Bei sitaitaja maana mbao inapanda kila mara na namba yangu itakupotosha. Naweza kusema hivi: makadirio ya Keko yalizidi kidogo yale ya duka la MDF, na karibu nusu ya fedha zote ilikwenda kwenye mninga na graniti. Marumaru za sakafu ndipo tulipobana: tulichukua za bei ya kati, zisizong'aa wala kuteleza, za sentimita 60 kwa 60 ili mistari ya grauti, ule ujazo wa kati ya marumaru, iwe michache. Ukutani nyuma ya jiko la gesi tu ndipo tuliweka grauti ya epoksi, kwa kuwa ile ya saruji ikishanywa manjano haisafishiki.

Kwa matunzo, milango naifuta kwa kitambaa chenye unyevu na kukausha papo hapo. Ile miwili iliyo jirani na jiko la gesi imeanza kufifia kidogo kwa mvuke na mafuta. Fundi amesema atakuja kuipiga vanishi upya, na safari hii nimemwambia aje Januari, kabla ya masika.