Mizani ya mfukoni ya gramu 200, na reale ya shangazi

Mizani yenyewe niliinunua Darajani kwa shilingi 25,000. Haina jina la kampuni, mgongoni imeandikwa tu 200 g x 0.01 g. Umbo lake kama simu ya zamani ya vitufe. Niliinunua kwa kazi moja: kuna sarafu ilitoka kwenye kasha la shangazi yangu, pana kama sentimita nne, upande mmoja ina bibi mnene aliyejitanda mtandio, upande wa pili tai wa vichwa viwili. Mwaka uliochongwa ni 1780.

Kabla ya mizani nilijaribu programu ya simu inayotambua sarafu kwa picha. Picha ya kwanza ikasema ni medali ya ukumbusho. Ya pili, sarafu ileile, ikasema ni taleri, sarafu kubwa ya zamani ya fedha, ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, na ikataja bei ya kumfanya mtu aketi chini. Ya tatu ikanidai malipo ya mwezi. Nikaifuta. Nilipomwonyesha shangazi hilo jina refu akacheka: "Hiyo si reale hiyo, mwanangu? Bibi yako alikuwa akiivaa kidani." Ningemuuliza yeye tangu mwanzo.

Jina la programu lilikuwa sahihi, bei ndiyo iliyokuwa ndoto. Maria Theresa alifariki Novemba 1780, lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi na pwani yetu walikuwa wameshaizoea sura yake na hawakutaka nyingine. Basi ikaendelea kupigwa kwa mwaka uleule. Vienna ilipiga, Roma ikapiga miaka ya 1930 Mussolini alipoitaka Uhabeshi, London ikafuata 1936, Bombay na Birmingham nazo baadaye, zote zikiandikwa 1780. Kwa hiyo mwaka haukwambii umri. Wajuzi hutofautisha viwanda kwa kuhesabu lulu za kishikizo begani na manyoya ya mkia wa tai, na yangu imesuguka mno kwa hesabu hiyo. Nilichoweza kujua ni kama ni madini ya fedha ya kweli.

Taleri halali ina uzito wa gramu 28.07, fedha yake 833 kwa elfu, iliyobaki shaba. Kwanza niliijaribu mizani kwa sarafu za yuro walizotuachia wageni: ya yuro 1 ni gramu 7.50, ya 2 ni 8.50. Nilipozipanga pamoja ikasoma 16.00 kavu. Hapo nikaiamini. (Zima pangaboi kwanza. Mara ya kwanza namba zilikuwa zinachezacheza, nikadhani mbovu.)

Reale ikasoma 28.21. Nikashtuka, maana sarafu iliyosuguka miaka yote hiyo haiwezi kuizidi mpya. Nikaigeuza kwenye mwanga, nikaona juu ya kichwa cha bibi kuna donge dogo la risasi ya kulehemu: palipokuwa na kitanzi cha kidani. Uzito wa ziada ulikuwa wa hilo donge.

Kipimo cha pili ndicho kilichonifanya niipende mizani hii. Unaweka kikombe cha maji juu yake, unairudisha sifuri, kisha unaining'iniza sarafu kwa uzi izame yote bila kugusa chini wala ubavu. Namba unayoisoma ndiyo ujazo wa sarafu kwa sentimita za ujazo. Kikombe changu cha udongo kilizidi gramu 200 ikaandika kosa, nikakata kichupa cha plastiki. Jaribio la kwanza lilitoa 2.84, yaani wiani (uzito ukigawanywa kwa ujazo) wa 9.93, nikaanza kumshuku bibi yangu. Kumbe viputo vya hewa vilikuwa vimenasa kwenye tai. Nikaipangusa ndani ya maji kwa kidole: 2.77. Gawa 28.21 kwa hiyo upate 10.18. Mchanganyiko wa fedha 833 na shaba unapaswa kuwa karibu 10.2, wakati shaba na nikeli ya kuigiza haipiti sana 8.9. Sumaku nayo haikuishika. Ubavuni maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma, yanasomeka yakiwa yameinuka.

Kipimo cha maji hakimalizi ubishi, kwa sababu mjanja akichanganya risasi na bati vizuri anaweza kuukaribia wiani huo. Ila pamoja na uzito, upana na maandishi ya ubavuni, mimi nimetosheka. Sonara niliyempelekea alitaka kuikwangua na kuidondoshea tindikali. Nikaichukua nikaondoka.

Lawama zangu kwa mizani: inajizima yenyewe baada ya dakika moja, wakati mwingine ukiwa umeshika uzi hewani na sifuri yako inapotea. Kifuniko cha betri ni cha kubana kwa kucha na kinaelekea kuvunjika. Nyota nne.

Gramu 23 na ushei za fedha safi, nikamwambia shangazi, na bei yake inakwenda na bei ya fedha. Akanisikiliza, akafungua mkono. Anataka kuirudishia kitanzi. Nimemwomba aniachie nikipime hicho kitanzi kwanza.