The Nanny Diaries: riwaya ya kuchekesha kuhusu kazi isiyo na saa ya kutoka

Swali moja ndilo linalowagawa wasomaji wa The Nanny Diaries: kwa nini yule binti, yaya anayesimulia hadithi, haachi kazi? Wasiokipenda kitabu wanasema ameyataka mwenyewe. Ni msomi, wazazi wake wapo palepale Manhattan, jijini New York, ana pa kulala, na bado anavumilia kutumwa kama asiye na kwao. Wanaokipenda wanajibu kwa neno moja: mtoto. Nami nipo upande wao, ila jibu hilo peke yake halitoshi, kwa sababu kitabu kinaonyesha kitu kingine ambacho wengi hukipita mbio wakicheka, nacho ni namna kazi inavyovimba kidogo kidogo mpaka mfanyakazi hajui tena alikubali nini.

Waandishi ni wawili, Emma McLaughlin na Nicola Kraus, na kitabu kilitoka 2002. Kabla ya hapo wote wawili walikuwa yaya New York, na ukijumlisha nyumba walizofanyia kazi zinapita 30. Uzoefu huo unaonekana. Mtu ambaye hajawahi kumbeba mtoto wa bosi hawezi kubuni vitu vidogo kama hivi: vikaratasi vinavyoachwa mezani, chakula ambacho mtoto haruhusiwi kula, sofa ambayo mtoto haruhusiwi kuigusa katika nyumba anayoambiwa ni yake.

Msimuliaji, Nan, anasomea makuzi ya watoto NYU, Chuo Kikuu cha New York. Anaajiriwa Park Avenue, mtaa wa matajiri wa Manhattan, kumlea Grayer, mvulana wa miaka minne. Wazazi wanaitwa Mr. X na Mrs. X, basi. Nan naye anaitwa Nanny, yaani Yaya, kazi na jina vikiwa kitu kimoja. Wasomaji wa Ulaya na Marekani huliona hilo kama mzaha wa waandishi. Sisi wa huku hatuna haja ya kuelezwa: ni nyumba ngapi ambamo msichana wa kazi anaitwa “dada” tu, mwaka mzima, na mgeni akiuliza jina lake watu wanatazamana?

Sasa twende kwenye hilo la kuvimba, maana ndipo kitabu kilipo na nguvu. Makubaliano ya mwanzo ni mepesi: kumchukua mtoto shuleni, kukaa naye mchana kadhaa kwa wiki, kumpeleka kwenye vipindi vyake. Hakuna mkataba wa maandishi. Kisha vinaanza vikaratasi. Kimoja kinaomba Nan apitie dukani mara moja tu. Kingine kinaomba abaki mpaka jioni. Kinafuata cha kufungasha zawadi za wageni, halafu kutafuta maji ya kupigia pasi yenye harufu ya mrujuani (lavenda), halafu kuvaa vazi la Teletubbies, wale wahusika wa kipindi cha watoto cha televisheni, kwenye sherehe ya ofisini kwa Mr. X. Kila ombi likitazamwa peke yake ni dogo, na kulikataa kunaonekana utovu wa adabu. Wazee walisema ukimpa shibiri atachukua pima. Waandishi hawalitangazi jambo hili. Wanaliweka kikaratasi kimoja baada ya kingine, kwa lugha ya heshima tupu, na msomaji anagundua mwenyewe kwamba binti hana tena jioni, hana usingizi, na tasnifu yake iko hatarini. Msomaji anayekimbilia visa atavipita vikaratasi hivyo. Avisome polepole, maana kichekesho kimo katika adabu iliyomo humo: amri yenyewe haionekani, inayoonekana ni “kama hutajali”.

Fedha nazo zinafuata njia hiyohiyo. Malipo yanakuja kwenye bahasha, siku ambayo mwajiri amekumbuka. Kazi ya safari inahesabiwa kama likizo ya yaya, na bakshishi ya Krismasi inageuka kuwa kifaa cha kuzuia baridi masikioni wakati yaya wenzake wanapata hundi na mikoba ya thamani. Anayefanya kazi ya ulezi asome sehemu hizo na kalamu mkononi, aandike kila mahali ambapo Nan alipaswa kuuliza na hakuuliza: saa ya kutoka ni ipi, saa ya ziada inalipwaje, safari inahesabiwaje, notisi ya kuachishwa ni ya siku ngapi. Miaka minane baada ya kitabu, 2010, jimbo la New York lilipitisha sheria ya haki za wafanyakazi wa majumbani, ya kwanza ya aina yake katika majimbo ya Marekani. Malipo ya ziada yanaanza baada ya saa 40 kwa wiki, au 44 kwa anayelala kazini. Kuna saa 24 za mapumziko kila wiki, na siku tatu za likizo yenye malipo baada ya mwaka mmoja kwa mwajiri yuleyule. Ukivisoma vikaratasi vya Mrs. X huku una namba hizo kichwani, unaona vizuri ni nini kilichokuwa kinaporwa.

Grayer ndiye moyo wa kitabu. Mwanzoni anamkataa Nan kwa mateke na makelele, kwa kuwa yaya aliyemzoea ameondolewa ghafla na hakuna aliyemweleza. Hapo waandishi wanajua wanachosema: mtoto wa miaka minne aliyenyang'anywa mlezi haombolezi kwa maneno, anaomboleza kwa fujo. Kifuani anabeba kadi ya kibiashara ya baba yake, imechakaa, na hakubali kuivua, kwa sababu ndiyo sehemu pekee ya baba anayoipata kila siku. Mama anapokimbiliwa na mtoto, mkono wake unanyooka kumzuia kabla hajamfikia, na Nan amekipa kitendo hicho jina kwa sababu amekiona nyumba nyingi. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana; kurasa za Grayer ni methali hiyo ikitembea. Usiku anaoumwa na wazazi hawapatikani, ucheshi unanyamaza kabisa, na ndizo kurasa bora kuliko zote. Baada ya hapo swali la kwa nini Nan haachi kazi linabadilika: nani atabaki na mtoto?

Kasoro zipo. Mrs. X amechorwa kwa rangi moja karibu kitabu kizima. Tunapata dalili kwamba naye ni mtu aliyeachwa peke yake ndani ya nyumba kubwa, mume ana mwanamke mwingine na yeye anajua, lakini mlango huo unafunguliwa nusu na kufungwa tena. Mapenzi ya Nan na kijana wa ghorofa ya juu, anayeitwa H.H., ni mepesi mno. Ukiyaruka hutapotea njia. Majina ya maduka na mitindo ya wakati ule nayo yamejaa, na msomaji wa leo atachoka nayo katikati.

Kwa anayetaka kununua: chukua kitabu chenyewe. Sauti iliyorekodiwa na Julia Roberts inasikika vizuri lakini imefupishwa, na kinachopungua ni yale madogo madogo yanayolijenga jambo lote. Filamu ya 2007, yenye Scarlett Johansson na Laura Linney, imempa msichana jina, Annie, na maisha mengine ya nyumbani. Linney anampa Mrs. X ubinadamu ambao kitabu kilimnyima, ila makali ya vikaratasi yamepotea. Mwendelezo wa 2009, Nanny Returns, ni wa aliyempenda Grayer kiasi cha kutaka kujua alikuaje. Kiingereza cha The Nanny Diaries ni cha maongezi na sentensi fupi. Aliyemaliza sekondari atakimudu, kamusi ikiwa karibu kwa ajili ya vyakula na nguo.

Na kuna Sima. Ni yaya kutoka El Salvador, anamlea mtoto anayempiga mbele ya watu, na kwao alikuwa mhandisi. Mume na watoto wake wako mbali kwa sababu ya karatasi za uhamiaji. Nan anaweza kuondoka siku yoyote akarudi kwa wazazi wake, Sima hawezi. Yeyote mwenye shangazi au dada anayelea watoto wa wengine Muscat, Dubai au Minnesota, huku watoto wake mwenyewe wakilelewa na bibi, atasimama kwenye ukurasa huo. Waandishi walijua uzito wake, maana Nan mwenyewe anaona aibu anapomsikiliza, kisha hadithi inamwacha na kurudi Park Avenue. Ningezitoa kurasa zote za H.H. ili Sima apate sura moja nzima.