TAHADHARI MALINDI: Msinunue jodari wa kopo wa kwenye buti

Jamani, yule muuza makopo ya jodari kwenye buti ya gari amerudi mjini, na ile buti mnaijua. Watu wamelizwa vya kutosha!

Mchezo wake uko hivi. Anafungua kopo moja mbele yako, la safu ya juu ya katoni. Mafuta yanang'aa, nyama imara, anakupa kijiti uonje, na ni tamu kweli. Kisha yale ya kukufungia anayatoa kwenye kasha la barafu, yamelowa, anayapangusa kwa kitambaa moja moja kama mtu msafi. Hapo ndipo watu wanapoingia. Na nani asingeamini? Kusi imeshika, mashua hazitoki, samaki mbichi hashikiki bei, naye anaapa ni mzigo uliobaki hotelini, na katoni ina alama ya ubora.

Sasa sikieni. Jodari wa kopo hupikwa kiwandani kopo likiwa limeshafungwa, kwa joto la nyuzi 116 hadi 121. Halihitaji barafu mpaka lifunguliwe. Barafu ile ni ya kuficha uvimbe: gesi ya bakteria ikipoa hunywea, kifuniko kikarudi bapa. Liache mezani lipate joto, linatuna tena. Bonyeza: upande mmoja ukiingia na wa pili ukachomoza, usile. Kopo zima kifuniko chake kimeingia ndani kidogo na hakichezi.

Tarehe nayo imesuguliwa kwa thina ya rangi. Linganisha na ya katoni. Kutu kwenye mshono, acha.

Kumpika kwa nazi na ndimu hakusaidii. Histamini, sumu inayojijenga kwenye jodari aliyelala kwenye joto, haifi kwa moto. Uso unawaka, kichwa kinagonga. Botulinamu, sumu ya bakteria wanaoota ndani ya kopo, ni mbaya zaidi, na yaweza kukosa harufu kabisa. Ukiona vitu viwili viwili, kope zikalegea, koo likakataa kumeza, kimbilia hospitali, hata ikiwa ni siku ya pili.

Mwenye makopo hayo asiyafungue, asiyatupe jaani. Ampelekee bwana afya pamoja na katoni. Sura ya 254 ya sheria za Kenya, ile ya vyakula na dawa, inampa uwezo wa kuingia, kuchukua sampuli na kuukamata mzigo. Akamate wote! Na muuzaji mwenyewe afikishwe kortini, maana aliyeyatia barafuni alijua anachoficha. Makopo yapondwe moja moja kabla ya kufukiwa, la sivyo yatafukuliwa na kurudi kwenye buti ileile.