Clonezilla imeniokolea steshenari, ila SSD ya kwanza iligoma

Nina steshenari ndogo hapa Uyole, Mbeya. Kazi zote za wateja ziko kwenye laptopu moja kuukuu yenye diski ya kuzunguka ya GB 500. Mwezi uliopita diski ikaanza kulia tik, tik, na ukiwasha Windows unamaliza kikombe cha chai bado inajivuta. Kwanza nikahamishia mafaili ya muhimu kwenye flashi, maana diski inayolia hivyo inaweza kukata roho katikati ya kukopi.

Clonezilla ni programu ya bure ya kukopi diski nzima, pamoja na Windows yake, kwenda diski nyingine. Unaiweka kwenye flashi, unazima Windows kabisa, kisha unawasha kompyuta kwa flashi hiyo. Mimi nilikuwa nimenunua SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, ya GB 480 kule Mwanjelwa. Nimejaza GB 110 tu, nikajua itatosha na chenji itabaki. Wapi! Haijali umejaza kiasi gani. Inataka diski mpya ilingane na ya zamani au iizidi. Kuna namna ya kuruka ukaguzi huo baada ya kupunguza patisheni, yaani vipande ambavyo diski imegawanywa, ila kwa diski inayoumwa sikuthubutu. Nikarudi dukani, nikaongeza hela, nikapewa ya 512.

Nyota moja naikata kwa sababu ya skrini yake: maandishi matupu, na diski zinaitwa sda na sdb. Ukizigeuza, unakopi utupu juu ya kazi zako. Nikaandika kwenye karatasi, "500 inatoa, 512 inapokea", nikalinganisha na ukubwa unaoonekana pembeni ya kila jina. Inakuuliza zaidi ya mara moja kama una uhakika. Nilisoma kwa sauti kila mara, mama mmoja aliyekuja kutoa kopi akaniuliza naongea na nani.

Ilichukua kama dakika hamsini, kwa kuwa inakopi sehemu zilizotumika tu. Chaja niliichomeka, na betri ilikuwa imejaa. Mvua za huku na umeme tunajuana.

Halafu nikashika bisibisi, nikatoa diski ya zamani, nikafunga SSD ndani, nikawasha. Ikawaka, hadi ile barua ya kikoba niliyoiacha nusu ilikuwepo. Usiziwashe zote mbili pamoja, zina utambulisho uleule na kompyuta huchanganyikiwa.

Ile ya zamani ipo kwenye droo, ila siihesabu kuwa akiba. Nikipata hela nanunua ya nje ya TB 1.